Mcheri wa Japani katika Ardhi ya Pemba: Jibu kwa Mwalimu wa Wete

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Wete, Pemba. Mtoto wake wa kiume yuko masomoni Japani na amemtumia picha za micheri iliyochanua kandokando ya mto, matawi meupe yenye wekundu wa mbali, bila jani hata moja. Mwalimu anauliza mambo mawili. Kwanza, je, mtoto akija likizo na miche, miti hiyo itaweza kuota na kuchanua katika uwanja wa nyumba yake, ambao umepakana na shamba la mikarafuu? Pili, kama haiwezekani, na akajaaliwa safari ya kwenda kuitazama huko huko, aende lini, na watu wanaokusanyika chini ya miti ile huwa wanafanya nini hasa?

Wa alaykum salaam, Mwalimu, na ahsante kwa swali lililopangwa vizuri. Nianze na jibu fupi ili usisome kwa wasiwasi: mche wa mcheri unaweza kushika katika ardhi ya Wete, ukatoa majani na hata ukaishi miaka kadhaa, lakini mchanuo ule uliouona katika picha hutaupata, na hakuna mbolea, dawa wala uangalizi utakaobadilisha jambo hilo. Pemba haikukosa rutuba wala mvua. Imekosa baridi.

Wengi hudhani kwamba mcheri huchanua kwa sababu ya joto linalorudi baada ya majira ya baridi, na kwa hiyo nchi yenye joto mwaka mzima ingepaswa kuuchanusha mwaka mzima. Hiyo ni nusu ya habari. Vitumba vya maua yatakayofunguka mwezi wa Machi huundwa tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia, wakati mti ungali na majani mabichi, na majani yanapopukutika mnamo Oktoba na Novemba vitumba hivyo huwa vimekwisha kulala usingizi mzito ambao joto peke yake haliwezi kuuvunja. Ni kinga ya mti: bila usingizi huo, siku chache za jua katikati ya Disemba zingefungua maua ambayo yangeungua kwa baridi ya wiki inayofuata. Ili usingizi uishe, kitumba hakina budi kukaa kwa wiki nyingi katika baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kikishatosheka na baridi hiyo, ndipo joto linapopata kazi ya kukikuza hadi kifunguke.

Hatua hizi mbili, ya baridi na ya joto, zikichanganywa ndipo watu wanapokosea, na Wajapani wenyewe wameziona zikigongana. Kagoshima ni mji wa kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, una joto kuliko Tokyo, na kwa mantiki ya kawaida ungepaswa kutangulia kuchanua kila mwaka. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni ambapo majira ya baridi yamekuwa laini mno, Kagoshima imepata kuchanua baada ya Tokyo, kwa sababu vitumba vyake vilichelewa kuamka. Ikiwa Kagoshima, ambako asubuhi za Januari huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, mti huanza kusitasita, basi wewe mwenyewe unaweza kupima hali ya Wete, ambako usiku wa kipupwe wenye baridi kuliko yote kwa kawaida hauteremki sana chini ya nyuzi 20 za Selsiasi.

Kuna hesabu moja ambayo watu wa bustani wa Japani huipenda, nami naitaja kwa kuwa inafurahisha na pia inapotosha. Wanaanza tarehe 1 Februari, wanajumlisha kiwango cha juu cha joto cha kila siku, na jumla inapofika nyuzi 600 wanatarajia maua kuanza kufunguka. Kwa Tokyo hesabu hiyo hutoa jibu lililo karibu sana na ukweli. Ukiifanya Pemba, ambako mchana wa kaskazi hufika nyuzi 32, jumla itatimia kabla ya tarehe 20 Februari, na mtu angeweza kusema kwamba sisi tungetangulia dunia nzima. Lakini hesabu hiyo ina maana kwa kitumba kilichokwisha kuamka tu. Na usishawishike na wanaoshauri kumwaga barafu shinani, kwa sababu kinachoihesabu baridi ni kitumba chenyewe kule juu kwenye tawi, si mizizi.

Mcheri unaokosa baridi haufi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Huchipua kwa mafungu: ncha ya tawi ina majani, katikati pamebaki patupu, tawi la pili limelala kabisa. Majani ya zamani hayapukutiki yote kwa pamoja, mti haupumziki sawasawa, na baada ya misimu michache unabaki dhaifu, ukiwa chakula cha wadudu wanaotoboa shina na kuvu wa mizizi wanaopenda udongo wetu wakati wa masika. Ua moja moja linaweza kutokea, likapigwa picha na kusambazwa. Msimu, hata hivyo, haupo.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo picha haiwezi kulionesha, nalo ndilo linaloufanya mchanuo wa Japani uwe vile ulivyo. Sehemu kubwa ya micheri inayopandwa katika bustani, mitaa na kingo za mito ya Japani ni ya aina moja iitwayo Somei Yoshino, iliyoanza kuenea katika karne ya 19 kutoka kitongoji cha wauza miche cha Somei, ambacho leo kimo ndani ya jiji la Tokyo. Ni mseto wa micheri miwili, Edohigan na Oshima. Wa kwanza umeupa tabia ya kuchanua kabla ya majani, na wa pili umeupa ukubwa wa ua. Mti huu haupandwi kwa mbegu. Unazalishwa kwa kubebesha, kama tunavyobebesha miembe na michungwa, na kwa hiyo mti wa Tokyo na mti wa Osaka kwa asili ni mti mmoja uliokatwa vipande vingi na kubebeshwa juu ya mashina mengine. Ndiyo sababu mtaa mzima hufunguka ndani ya siku chache na kupukutika ndani ya siku chache: miti yote ina damu moja, na ikipata baridi moja na joto moja, inafanya uamuzi mmoja.

Kwa sababu hiyo hiyo, yeyote anayekuuzia mbegu za Somei Yoshino kupitia simu anakuuzia kitu kisichokuwapo. Mti huo haujichavushi wenyewe wala na ndugu zake wa aina hiyo hiyo, na mbegu ikipatikana kwa kuchavushwa na mcheri mwingine, mti utakaoota hautafanana na mzazi wake. Wanaotangaza mbegu za micheri yenye maua ya buluu sina haja ya kuwazungumzia.

Ulinganifu huo wa miti ndio ulioiwezesha Idara ya Hali ya Hewa ya Japani kuufanya mchanuo kuwa jambo la kupimwa. Tangu mwaka 1953 idara hiyo imekuwa ikifuatilia miti maalumu iliyochaguliwa katika miji mbalimbali. Mti wa Tokyo umo katika uwanja wa hekalu la Yasukuni. Ofisa hufika, huinua macho, huhesabu. Yakiwa yamefunguka maua matano au sita, msimu hutangazwa kuwa umeanza. Zikifunguka asilimia 80 ya vitumba, hutangazwa kwamba mchanuo umekamilika, na waandishi wa habari wanaomzunguka hupeleka habari hiyo nchi nzima kana kwamba ni matokeo ya uchaguzi. Wewe, Mwalimu, mwenye mikarafuu, hutalishangaa jambo hili. Mkulima wa Pemba naye husoma vitumba kila siku, akiangalia karafuu ikitoka katika kijani na kuanza kuona haya ya wekundu, kwa sababu anajua kwamba karafuu iliyofunguka ua imekwisha kushuka thamani. Wao wanakisubiri kitumba kifunguke, sisi tunakiwahi kisifunguke, na jicho linalohitajika ni lile lile.

Huenda mtoto wako akakuambia kwamba iko micheri inayovumilia joto, na atakuwa amesema kweli. Katika visiwa vya Okinawa, ambako Somei Yoshino haustawi, kuna mcheri uitwao Kanhizakura, wenye maua ya waridi iliyokolea yanayoinamia chini, nao huchanua Januari na Februari. Mwenendo wake ni kinyume cha ule wa Japani bara: huanzia kaskazini kwenye baridi na kushukia kusini, huanzia vilele vya milima na kuteremka bondeni, kwa sababu kinachosubiriwa pale ni baridi ya kuuamsha mti, na baridi hufika juu kwanza. Katika milima ya Himalaya uko mcheri mwingine, unaochanua Novemba katika mji wa Shillong huko India, na jamaa zake huonekana kati ya Disemba na Februari katika milima ya kaskazini mwa Thailand. Lakini maeneo hayo yote, hata yakiwa karibu na tropiki, yana usiku wa baridi ya kweli, ama kwa kuwa yako mbali na ikweta kuliko sisi, ama kwa kuwa yako juu milimani. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na kilima chake kirefu hakifiki hata mita 150. Hatuna pa kupanda kuifuata baridi.

Wenye milima wana nafasi. Plamu na pichi za Lushoto, ambazo bila shaka umezila, ni za jenasi moja, yaani ukoo mmoja wa karibu, na mcheri, nazo huzaa kule kwa sababu usiku wa Usambara ni baridi. Zaidi ya hapo, Afrika ina mti wake wa asili katika jenasi hiyo, uitwao kitaalamu Prunus africana, ambao unaota katika misitu ya milimani, Kilimanjaro na Usambara zikiwamo, na hata kwa majirani zetu wa Ngazidja, kwenye miteremko ya mlima Karthala. Huo haupukutishi majani na maua yake ni madogo meupe ambayo mpita njia hayaoni. Umaarufu wake umetokana na magome yanayotengenezewa dawa ya tezi dume, na biashara hiyo imeuathiri kiasi kwamba usafirishaji wake sasa unadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini.

Kuhusu kuja na miche katika begi, naomba umkataze kijana kabisa. Mimea hai haiingizwi nchini bila kibali na cheti cha afya ya mimea, na sharti hilo halikuwekwa ili kuwasumbua wasafiri. Mwaka 1910 Marekani ilipokea kutoka Tokyo zawadi ya miche 2,000 ya micheri kwa ajili ya mji wa Washington. Wakaguzi waliikuta imejaa wadudu na maradhi, na kwa idhini ya rais ikachomwa moto, pamoja na aibu yote ya kidiplomasia iliyofuata. Wajapani walitayarisha shehena nyingine kwa uangalifu mkubwa, miti 3,020, na tarehe 27 Machi 1912 mke wa rais, Helen Taft, na mke wa balozi wa Japani wakapanda miwili ya kwanza. Mchanuo wa Washington unaoonekana leo kando ya maji ya Tidal Basin ulianzia hapo. Ikiwa taifa kubwa liliweza kuchoma zawadi ya taifa jingine, kisiwa kinachoishi kwa mikarafuu, ambayo iliwahi kufa ghafla kwa maelfu katika karne iliyopita, kina kila sababu ya kuogopa mche mmoja usio na cheti.

Sasa nije kwenye safari, kwa sababu hapo ndipo ninapoona faida yako.

Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, maua ya Tokyo huanza kufunguka tarehe 24 Machi na kukamilika tarehe 31. Kyoto huanza tarehe 26 Machi na kukamilika tarehe 4 Aprili. Sendai huanza tarehe 8 Aprili, Aomori tarehe 22, na Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido, tarehe 1 Mei. Tangu ua la kwanza hadi mchanuo kukamilika hupita kama wiki moja, na baada ya hapo, mvua na upepo vikiwa vya huruma, una wiki nyingine moja tu. Wastani, hata hivyo, si ahadi. Mwaka 2021 Tokyo ilianza tarehe 14 Machi, na Kyoto ikakamilika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 1,200. Kumbukumbu hizo zilikusanywa na mtaalamu Yasuyuki Aono kutoka katika shajara za wafalme, watawa na watumishi wa kasri, ambao waliandika siku ya karamu ya maua bila kujua kwamba walikuwa wanaandika historia ya hali ya hewa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiifunge safari yako katika mji mmoja. Fika Tokyo kati ya tarehe 26 na 28 Machi, na uwe tayari kusogea. Ukikuta maua yamechelewa, unasubiri siku mbili tatu. Ukikuta yamepita, treni ya kasi itakupeleka kaskazini ambako bado hayajafika, kwa kuwa mchanuo hupanda nchi kutoka kusini kwenda kaskazini kwa muda wa zaidi ya mwezi. Mwaka 2024 na 2025 msimu huu ulikutana na mwezi wa Ramadhani. Kuanzia 2026 Ramadhani inatangulia, na kwa miaka mingi ijayo Idi itakuwa imekwisha kupita kabla ya wiki ya mwisho ya Machi. Kwako wewe wakati huo una nafuu nyingine pia, kwani huku masika yanakuwa yanaanza na Machi na Aprili si miezi ya mchumo mkuu. Chukua koti la maana. Asubuhi ya Tokyo wakati wa maua inaweza kuwa nyuzi 5 au 6, na mtu wa Pemba anayekwenda na sweta ya kipupwe atarudi na kikohozi.

Mahali pa kwenda ni pengi mno, nami nitakuchagulia machache. Bustani ya Ueno ndiyo maarufu, haina kiingilio, na usiku hujaa watu, vyakula na vileo. Kwa umri na hali yako ningependelea Shinjuku Gyoen, ambayo ina kiingilio kidogo, imekataza pombe ndani yake, hufungwa mapema, na imepandwa aina nyingi za micheri zinazopokezana, kiasi kwamba anayefika wiki mbili baada ya Somei Yoshino kupukutika huukuta mcheri uitwao Kanzan ukiwa umebeba maua mazito yenye petali nyingi. Kutoka kituo cha Shinjuku, treni ya Odakyu hukufikisha Yoyogi-Uehara, palipo na msikiti mkubwa wa Tokyo, ambao jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2000 kwa ufundi wa Kituruki. Kipindi cha asubuhi bustanini na swala ya Ijumaa msikitini ni ratiba ambayo mzee anaiweza bila kuchoka.

Ukiwa na nguvu za miguu, mlima Yoshino katika mkoa wa Nara unafaa kuliko yote kwa mtu anayetaka kuielewa miti hii. Kule si mitaa iliyopandwa mti mmoja uliobebeshwa, bali ni micheri ya mwituni iliyoota kwa mbegu, kila mti na rangi yake, majani machanga mekundu yakitoka pamoja na maua, na mchanuo hupanda mlima kutoka chini hadi juu katika mwezi wa Aprili. Mbali kaskazini, mwishoni mwa Aprili, kuna ngome ya Hirosaki katika mkoa wa Aomori. Wajapani wana msemo usemao kwamba mjinga hukata mcheri, kwa kuwa jeraha la mti huu huoza upesi, na inasemwa pia kwamba Somei Yoshino huishi miaka 60 tu. Watunzaji wa Hirosaki hawakukubali yote mawili. Wanatoka katika mkoa wa wakulima wa matofaa ya baridi (epo), wakaanza kuipogoa micheri kwa ustadi wa mashambani kwao, wakipaka dawa kila jeraha na kulisha mizizi, na leo wanao mti uliopandwa mwaka 1882 ambao ungali unachanua. Kama mtu wa fani, hapo ndipo ningekwenda kwanza.

Ukiwa chini ya mti, usiridhike na kuangalia mandhari ya mbali. Vuta macho kwenye tawi moja. Ua la Somei Yoshino lina petali tano, kila moja imechanika kidogo kwenye ncha, na maua hutoka matatu au manne kutoka kwenye kitumba kimoja, yakining'inia kwa vikonyo vyenye manyoya laini. Angalia katikati ya ua: likiwa changa ni la kijani kibichi cha mbali, na kadiri linavyozeeka katikati huwa jekundu, na hiyo ndiyo dalili kwamba petali zitaachia siku mbili hizi. Ukiona petali zinashuka moja moja, ni wakati wake umefika. Ukiona ua zima linaanguka likizunguka na petali zake zote, tazama juu, utamkuta shomoro, ambaye mdomo wake mfupi haufikii utamu wa ndani na kwa hiyo hulikata ua kwa nyuma na kuunyonya.

Na watu wanafanya nini? Wanakaa. Desturi hiyo waliianza wafalme. Karamu ya kwanza ya micheri inayotajwa katika maandishi ni ya mfalme Saga, huko Kyoto, mwaka 812, na kwa karne nyingi ilibaki jambo la wakubwa na mashairi yao, mpaka mtawala Tokugawa Yoshimune alipoamuru katika karne ya 18 micheri ipandwe Asukayama na kandokando ya mto Sumida ili watu wa kawaida wa mji nao wapate pa kukaa. Leo mfanyakazi mdogo wa ofisi hutumwa tangu alfajiri kwenda kutandika turubai la buluu na kulilinda mpaka wenzake watoke kazini. Wanavua viatu kabla ya kukanyaga turubai, kama tunavyofanya sisi kwenye jamvi, wanakula, wanazungumza, na wengine hawayatazami maua kabisa kwa saa nzima, jambo ambalo mimi huliona kuwa ndilo lenye adabu kubwa kuliko kusimama na kupiga picha. Yapo machache ya kuchunga: tawi halivunjwi wala halivutwi ili lije kwenye picha, mti hautikiswi ili petali zimwagike, hupandi juu ya mizizi, ambayo ya mcheri iko karibu sana na uso wa ardhi, na taka zako unaondoka nazo.

Nibakishe maneno ya nyumbani, kwa kuwa uwanja wako bado uko wazi. Ukitaka mti wa kukusanya watu chini yake, sioni sababu ya kuomboleza mcheri ilhali tunao mtufaa, huu wa matunda mekundu yenye maji. Ni ndugu wa karibu wa mkarafuu, jenasi moja, na udongo wa kina wa Wete wenye mvua nyingi ndio hasa unaoutaka. Maua yake hutoka kwenye matawi manene ndani ya kivuli, rundo la nyuzi za waridi iliyowaka, nayo yakipukutika ardhi yote chini ya mti hugeuka rangi kwa siku kadhaa. Wengi wetu hufagia zulia hilo alfajiri kama takataka, na kwa maoni yangu fagio hilo lingeweza kungoja. Ukipenda mwonekano wa tawi tupu lenye maua, jaribu gilirisidia, ambayo wakulima wanaijua kwa uzio na malisho ya mbuzi: ikiachwa bila kukatwa, na ikiwa imepandwa pahala pakavu, hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuvaa maua ya waridi hafifu kwenye matawi matupu. Penye unyevu mwingi haipukutishi vizuri na maua huwa haba, kwa hiyo uweke upande wa uwanja wenye mawe, wala si bondeni. Mkrismasi nao ni mzuri, ila mizizi yake huinua sakafu na kupasua kuta, nao usiwe karibu na nyumba chini ya mita 10.

Gilirisidia utaipanda kwa vijiti vya unene wa kifundo cha mkono, vilivyokatwa kwenye mti uliokomaa na kuchomekwa mvua zinapoanza, nayo itakupa maua baada ya miaka michache ukiuzuia mkono wenye panga. Mtufaa unahitaji subira zaidi. Kokwa zake hazihifadhiki, zikikauka zimekufa, hivyo zifukie ndani ya siku chache baada ya tunda kuliwa, katika vifuko vyenye udongo na samadi iliyooza, uziweke kivulini na kuzimwagilia kila siku, kisha miche ikifika goti uihamishie uwanjani masika yakianza, mmoja na mwenzake wakiachana mita 8 au zaidi.